Mpaka gani? Somo kuhusu neno moja linalotugombanisha



Katika somo la toleo hili hatutazungumzia silaha wala uchaguzi. Tutazungumzia neno moja dogo ambalo kila mmoja wetu analitamka mara nyingi kwa siku bila kulifikiria: neno mpaka. Tumelichagua kwa sababu lilituponza sisi wenyewe kazini. Tunaona aibu kidogo kueleza namna lilivyotuponza, lakini tukificha, wengine watarudia kosa lilelile.

Ilikuwa katika kijiji kimoja cha milima ya Bushi, Kivu ya Kusini, upande wa Walungu. Wanaoijua sehemu hiyo wanajua mashamba yake: yako kwenye miteremko mikali, ni madogo, na mvua za mwezi wa Novemba zinateremsha udongo mzuri wote bondeni. Shirika letu lilikuwa na mradi wa kuzuia mmomonyoko. Dawa yake inajulikana. Unachukua kipimo cha miti mitatu kinachofanana na herufi A, unatafuta mstari unaokwenda sawasawa kukingama mteremko, unachimba mtaro, na juu ya mtaro unapanda majani ya kulisha mifugo pamoja na miche ya kaliandra. Mizizi inashika udongo, majani yanakwenda kwa mbuzi. Agronomu wetu, kijana wa bidii, aliwaeleza wakulima katika mkutano kwa maneno machache: "Tutapanda mipaka ya majani ili udongo usishuke." Watu walipiga makofi, nasi tukaandika katika ripoti kwamba wakulima wamehamasika.

Wa kwanza kukubali alikuwa mama mmoja mjane. Lakini shamba alilokuwa analima halikuwa lake. Alilipata kwa njia ya bwasa.

Kwa wasomaji wasiotoka Bushi inafaa tueleze. Kwa desturi ya Washi kuna kalinzi na kuna bwasa. Mwenye kalinzi alitoa ng'ombe kwa mwami au kwa mwakilishi wake, akapewa ardhi ya kudumu, ambayo watoto wake watarithi. Mwenye bwasa anaazima tu, kwa msimu au kwa mwaka, na analipa kwa mazao, kwa kazi au kwa franga. Anaruhusiwa kupanda maharage, mahindi, viazi. Haruhusiwi kupanda mgomba, kahawa wala mti. Sababu yake iko wazi: kitu kinachokaa ardhini miaka mingi kinasema kwa niaba ya aliyekipanda. Kinasema, "Mimi niko hapa." Na kaliandra ni mti.

Mwenye shamba, ambaye alikuwa anaishi Bukavu, alipanda kijijini siku ya Jumapili kwa ajili ya kilio. Akapita shambani kwake, akakuta mstari wa miche umepandwa kutoka upande huu hadi upande ule. Akauliza watoto waliokuwa wanachunga mbuzi: "Hii ni kitu gani?" Watoto wakajibu kweli tupu, kama walivyosikia mkutanoni: "Ni mpaka ya Mama. Ameletewa na watu wa mradi."

Usiku ule mstari wote uling'olewa. Asubuhi mtoto wa yule mama alikwenda shambani na panga, akawakuta wapwa wa mwenye shamba. Watu wawili waliumia, na mmoja wao alipoteza vidole viwili.

Tukiwa ofisini, tulisema yale ambayo watu wa mashirika husema: kwamba elimu bado ni ndogo, kwamba watu hawajaelewa faida ya mradi. Tuliporudi kijijini, kapita, ambaye ni mzee wa maneno machache, alituuliza: "Ninyi mulisema mutapanda mpaka. Mukapanda mpaka. Sasa munashangaa nini?"

Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile tulianza kuandika katika daftari kila mara tuliposikia neno hilo, nani amelisema na alikuwa na maana gani. Hapa tunawapa sehemu ya yaliyomo katika daftari hilo.

Tuanze na mkulima. Mpaka wake ni jiwe lililozikwa, ni mti ambao majirani wote wanaujua, ni kijito, ni njia ya zamani. Lakini zaidi ya hapo, ni watu. Baba anamchukua mtoto wake, wanatembea kuzunguka shamba, na jirani anaitwa ashuhudie. Kiswahili chenyewe kinatuonyesha hivyo: tunasema mashamba yanapakana, na kupakana ni jambo la wawili, kama kupigana au kupatana. Mpaka ambao upande mmoja tu unaujua, kwa mkulima haujawa mpaka. Ndiyo maana vita vya tangu 1996 viliharibu mipaka mingi bila mtu yeyote kugusa mawe. Jiwe lilibaki mahali pake, ila wale waliokuwa wanaweza kusema "jiwe hili liliwekwa na fulani mbele ya fulani" walikufa au walikimbia. Mkimbizi anaporudi baada ya miaka 10 anakuta jiwe lisilo na shahidi, na jirani mpya asiyejua kwamba ni jiwe la kitu chochote.

Kwa mwami na watu wake wa utawala wa desturi, mambo ni tofauti kidogo. Kwao mpaka unafuata watu zaidi kuliko mstari. Ukiuliza ardhi ya shefu fulani inafika wapi, mara nyingi utaambiwa majina ya familia: fulani anatuletea ushuru, fulani halei, fulani alikuwa wetu zamani. Serikali ya kikoloni ilipochora ramani za sheferi na grupema, ililazimisha mistari pale palipokuwa na uhusiano wa watu. Hadi sasa, mashefu wawili wa grupema zinazopakana wanapogombana, ofisi ya teritware inatafuta ramani, nao wazee wanatafuta nani alimpelekea nani ng'ombe. Wote wanasema wanatafuta mpaka.

Halafu kuna mpaka wa serikali, yaani wa kadasta. Huu ni bone ya sementi, namba, na karatasi yenye mhuri. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka kwamba ardhi yote ni mali ya Dola, mali isiyouzwa. Raia anapewa haki ya kuitumia tu, na haki hiyo inaonekana katika cheti cha uandikishaji. Kuhusu ardhi ambazo vijiji vilikuwa vinalima kwa desturi, sheria hiyo, katika kifungu cha 389, iliahidi kwamba Rais atatoa agizo la kuzipanga. Miaka ikapita, miongo ikapita, agizo halikutoka. Matokeo yake tunayaona kila wiki. Mkulima mwenye kalinzi anadhani ana ardhi, kwa sababu mwami alipokea ng'ombe. Tajiri mwenye cheti anadhani ana ardhi, kwa sababu ofisi ilipokea franga. Kila mmoja anaonyesha mpaka wake, na kila mmoja anasema kweli kwa lugha yake.

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya karatasi tu. Huko Djugu, Ituri, vita vilivyoanza mwaka 1999 kati ya watu wa jamii za Wahema na Walendu vilikuwa na sababu nyingi, lakini cheche iliyotajwa katika ripoti nyingi ilikuwa ni ugomvi wa konsesioni: madai kwamba wenye mashamba makubwa walikuwa wanapanua mipaka yao kwa makaratasi, hata kuingia kwenye ardhi za wanakijiji. Maelfu ya watu walikufa baadaye, wengi wao bila kujua konsesioni hizo zilikuwa wapi.

Mpaka wa mbuga ni jambo lingine tena. Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 ikiwa na hekta 60,000 hivi. Mwaka 1975 ilipanuliwa hadi hekta 600,000. Wambuti, ambao wengine wanawaita Watwa, walifukuzwa katika msitu wa babu zao. Wakulima wa sehemu kama Nindja, ambao hawakuhama hata hatua moja, waliambiwa siku moja kwamba wako ndani ya mbuga. Mzee mmoja alitueleza hivi: "Wengine wanavuka mpaka. Sisi, mpaka ndiyo ilituvuka." Askari wa mbuga naye, ambaye tulizungumza naye kwa upole, alituambia kwamba kwake mpaka ni sokwe: pale sokwe anapoweza kuishi bila mtego, hapo ndipo mbuga ilipo. Tunawaheshimu wote wawili. Lakini ukiwaweka mezani pamoja na kuwaambia "tuheshimu mpaka", watakubaliana haraka sana, na hiyo ndiyo hatari.

Kuhusu mpaka wa nchi, wengi wanajua historia yake, kwa hiyo tutapita upesi. Mkutano wa Berlin wa 1884-1885 haukuwa na Mwafrika hata mmoja mezani, na mistari ya huku kwetu Kivu ilibaki na ubishi hadi mwaka 1910, Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walipokubaliana. Ndipo kisiwa cha Idjwi kilipobaki upande wa Congo. Mwaka 1964, kule Cairo, marais wa Afrika waliamua kwamba mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru isiguswe. Kwa hiyo mwanasiasa anapoanza kusema habari za mipaka ya zamani, watu wa kwetu wanasikia vita, hata kama yeye anasema anatoa somo la historia.

Lakini mwulize mama anayebeba nyanya kuvuka Ruzizi mpaka ni nini. Hatakuambia habari za Berlin. Kwake mpaka ni mahali: pana foleni, pana dirisha, pana mtu anayedai kodi isiyo na risiti. "Leo mpaka ni nguvu," anasema, maana yake leo wanasumbua. "Mpaka imefunga." Mwezi wa Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya Covid, wanawake wengi wa Bukavu walipoteza mtaji wao wote katika majuma machache, kwa kuwa mtaji wenyewe ulikuwa ni beseni moja la bidhaa linalozunguka kila siku. Na Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu, katika vijiji vingi tulisikia swali jipya: "Mpaka iko wapi leo?" Waliouliza hawakumaanisha nchi. Walitaka kujua ni kilima gani askari wa upande mmoja wanaishia na wa upande mwingine wanaanzia, ili wajue wapitie wapi kwenda sokoni.

Hadi hapa tumezungumza juu ya mpaka ulio ardhini. Kuna mwingine ulio katika muda, na huo ndio uliotuangusha mara ya pili. Muuguzi anamwambia mgonjwa: "Meza dawa mpaka upone." Mgonjwa anajisikia vizuri siku ya tatu, anaacha. Muuguzi alikuwa na maana ya vidonge kuisha. Mahakamani, hukumu ni "mpaka" tarehe fulani. Katika sherehe, mchango unapokelewa mpaka Jumamosi, na kila mtu anajua Jumamosi ni Jumanne.

Na kuna ule wa kwetu sisi wa Congo, ambao wageni hawaujui. Katika warsha moja tulikuwa na mwezeshaji kutoka Dar es Salaam, mtu wa heshima na mwenye Kiswahili kizuri kupita chetu. Mzee mmoja alisimama akasema juu ya familia fulani: "Hawa, mpaka watoke." Chumba chote kilinyamaza. Mwezeshaji akangoja kidogo, kisha akauliza kwa adabu: "Mpaka watoke, ndipo ifanyike nini, mzee wangu?" Alidhani sentensi haijaisha. Ilikuwa imeisha. Kwetu "mpaka watoke" maana yake ni lazima watoke, hakuna njia nyingine. Kilikuwa kitisho, na mgeni wetu alikuwa ameandika katika karatasi ya ukutani kwamba mzee anapendekeza kusubiri. Wakati wa kahawa tulimweleza. Alicheka, halafu hakucheka tena.

Sasa turudi kwa yule mama mjane. Baada ya damu kumwagika, kamati ya amani ilikaa mara nne, kapita akiwa mwenyekiti, sisi tukiwa waandishi. Majeruhi walitibiwa. Ilikubaliwa kwamba familia ya mama itatoa mbuzi wawili kwa yule aliyepoteza vidole, na mwenye shamba ataacha mama aendelee kulima kwa muda. Tuliandika karatasi nzuri, yenye sahihi na alama za vidole. Sentensi yake kubwa ilikuwa hii: "Mama ataendelea kulima mpaka mavuno."

Mwezi wa Januari, maharage ya msimu A yalipovunwa, mwenye shamba alituma watu waje kuchukua shamba lake. Mama akasema karatasi inampa haki ya kubaki. Alikuwa amepanda mihogo katikati ya maharage, kama wanavyofanya wote, na mihogo inataka mwaka mmoja, pengine mwaka na nusu, na hata ikikomaa unaweza kuiacha ardhini ukaingoa kidogo kidogo. Mavuno ya maharage au mavuno ya mihogo? Kila mmoja alikuwa na karatasi ileile mkononi. Kila mmoja alikuwa ameisoma vizuri. Tulikuwa tumetumia siku nzima kujadili idadi ya mbuzi, na hatukutumia dakika moja kuuliza sentensi ile inaishia siku gani.

Kapita hakutukemea. Alisema tu: "Tena hiyo mpaka yenu."

Kutokana na hayo tulibadilisha namna yetu ya kufanya kazi, na haya tunawapa kamati nyingine zijaribu. Kabla ya kikao chochote cha ardhi, tunatembea kwanza. Pande zote mbili zinatembea shamba pamoja, na majirani wote wanaopakana nalo, wanawake pia, maana mara nyingi wao ndio wanaojua mstari unapita wapi, kwa kuwa wao ndio wanaolima. Wanaume wanajua hadithi ya shamba, wanawake wanajua shamba. Atakayesema "mpaka" anaombwa anyooshe mkono aonyeshe. Asipoweza kuonyesha kwa mkono, basi huenda anazungumzia muda, au haki, au hasira, na inabidi tumsikilize kwa namna nyingine.

Halafu tuna zoezi ambalo watu mwanzoni wanalichukua kama mchezo. Kwa muda wa saa moja, neno mpaka linakatazwa kikaoni. Anayelitamka anatoa franga 100 za kununua karanga. Watu wanalazimika kusema jiwe, mti, tarehe, cheti, lazima, askari, zamu yangu, heshima ya baba yangu. Katika kikao kimoja tulikusanya karanga nyingi sana, lakini pia tulisikia kwa mara ya kwanza kwamba ndugu wawili waliokuwa wanagombana kwa miaka sita hawakuwa na ubishi wowote juu ya mstari. Walikuwa wanabishana ni nani kati yao alipaswa kumzika baba pale.

Katika makubaliano ya maandishi, hatuandiki tena "mpaka mavuno", wala "mpaka hali itakapotulia", wala "kila upande uheshimu mpaka". Tunaandika tarehe, jina la zao, jina la mti, idadi ya hatua kutoka kwenye mti hadi kwenye jiwe, na majina ya waliokuwapo tulipohesabu. Karatasi inakuwa ndefu na mbaya kusoma. Kisha inasomwa kwa sauti kwa Mashi na kwa Kiswahili, na tunamwomba mtu ambaye hakuwa kikaoni atueleze alichosikia. Kama hakusikia kile tulichotaka kusema, tunaandika tena, hata kama jua limezama na mashefu wanataka kwenda nyumbani.

Agronomu wetu naye alibadilisha maneno. Mistari yake sasa anaiita "kizuizi cha udongo", na hapandi hata mche mmoja kabla mwenye shamba hajafika na kusema mbele ya watu kwamba miche hiyo haitoi ardhi kwa mtu. Kazi inachelewa, na wafadhili wanauliza kwa nini idadi ya mita za mitaro imepungua. Tumewajibu, nasi tutaendelea kuwajibu.

Karatasi ya pili ya yule mama na mwenye shamba iliandikwa mwezi wa Februari uliofuata. Ilisema kwamba mihogo iliyokwisha kupandwa ni ya mama, na itaondoka yote kabla ya mwisho wa mwezi wa Machi mwaka unaofuata. Kwamba hapandi mihogo mingine. Kwamba baada ya hapo wataandika bwasa mpya kwa msimu wa maharage tu. Juu ya majani, iliandikwa hivi: "Majani haya yanazuia udongo. Hayahesabu ardhi. Nusu yanakwenda kwa mbuzi wa mwenye shamba, nusu kwa mbuzi wa Mama." Yalipopandwa tena, mwenye shamba mwenyewe alishika ncha moja ya kamba, mtoto wa yule mama akashika ncha nyingine. Mbuzi wa kwanza wa yule aliyekatwa vidole alilipwa. Wa pili, tunapoandika somo hili, bado hajatolewa, na kila mara tunapopita kijijini kapita anatukumbusha kwamba tarehe yake haikuandikwa.